Visanduku Arobaini Mezani: Historia ya Kuandaa Vituo vya Wi-Fi kwa Mkupuo

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi, na chanzo cha ukimya huo ni visanduku arobaini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwenye hosteli moja ya wanafunzi hapa Nairobi alitaka mtandao usio na waya katika jengo lake la ghorofa tano, vituo vinane kila ghorofa. Nikisema kituo ninamaanisha kile kisanduku cheupe kinachobandikwa darini, ambacho simu yako hushikana nacho ili uingie mtandaoni. Mafundi wa humu mjini hukiita ei-pii. Kimoja hakina shida. Arobaini si mchezo.

Hebu piga hesabu nami. Unakitoa kisanduku kwenye boksi, unachomeka waya, unaandika anwani yake ya kiwandani kwenye kivinjari, unaingia, unabadilisha nywila, unaweka jina la mtandao, unachagua chaneli, unakipa anwani yake ya IP, unapandisha toleo la famweya, kisha unasubiri kiwake upya. Dakika kumi na tano ukiwa na mkono mwepesi. Mara arobaini ni dakika 600, yaani saa kumi bila chai wala msalani.

Cha kwanza nilikifanya kwa mkono. Cha pili pia. Nilipofika cha tatu uvivu wa mwandishi wa programu ukanishika. Nikachukua chelezo ya mipangilio ya kisanduku cha kwanza, nikaandika skripti fupi ya kuimwaga kwenye vile thelathini na vinane vilivyobaki. Kufikia saa nne usiku meza ilikuwa safi. Nikajipongeza kwa chai na mandazi mawili.

Kesho yake tulikuwa tumeshabandika vituo vya ghorofa mbili wakati keateka aliponiita. "Fundi, hii mtandao yako inaingia ikitoka." Ni kweli. Simu inashika, inaachia, inashika tena. Nikafungua swichi kuangalia. Anwani moja ya MAC ilikuwa inaonekana kwenye tundu la tatu, mara kwenye la saba, mara imerudi la tatu. Ile chelezo ilikuwa imebeba kila kitu cha kisanduku cha kwanza: jina lake, anwani yake ya IP, hadi anwani ya MAC ambayo ni utambulisho wake wa kuzaliwa. Nilikuwa na vituo thelathini na tisa ambavyo kila kimoja kiliapa kwamba ndicho cha kwanza. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Wanafunzi walikuwa wanaingia Jumatatu.

Nilivishusha vyote, na usiku ule, badala ya kukimbilia kuandika skripti nyingine, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua waliotutangulia walifanyaje. Nikakuta kwamba shida yangu ina umri mkubwa kuliko Wi-Fi yenyewe, na kwamba kila aliyeishughulikia alikutana na swali lile lile. Kunakili mipangilio ni rahisi. Kazi ni kujua kisanduku hiki ni kipi kati ya vingi, na nani ana haki ya kukiambia hivyo. Ngoja niwasimulie nilichokipata.

Kifaa kisichojijua

Tuanze mwaka 1985. Wakati huo vyuo na makampuni ya Marekani yalikuwa yakinunua kompyuta zisizo na diski, kwa sababu diski zilikuwa ghali. Kompyuta kama hiyo ikiwashwa haina kitu kichwani. Haijui jina lake, haijui anwani yake, haijui hata programu yake ya kuendesha iko wapi. Kitu pekee inachokijua ni ile anwani ya MAC iliyochomwa kwenye kadi yake ya mtandao: biti 48, nusu ya kwanza ikimtaja mtengenezaji, nusu ya pili ikitofautisha kadi moja na nyingine.

Septemba 1985, Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa kampuni ya Sun Microsystems walitoa itifaki inayoitwa BOOTP. Wazo lake ni sahili kabisa. Kifaa kikiamka kinapiga kelele kwa kila aliye kwenye waya: jamani, mimi ni mwenye MAC fulani, nani ananijua? Seva inasikia, inafungua faili lenye orodha, inatafuta mstari wenye MAC hiyo, kisha inajibu: wewe anwani yako ni hii, na faili unalotakiwa kulipakia ni lile. Kifaa kinalivuta faili hilo kwa itifaki nyingine ndogo, TFTP, ambayo haiulizi nywila ya mtu yeyote.

Tazama lile faili lenye orodha. Kila kifaa na mstari wake. Mimi nilikuwa na kisanduku kimoja kilichonakiliwa. Wao, miaka mingi kabla yangu, walikuwa na daftari la majina. Hapo ndipo nilipoanza kuona nilikosea wapi.

Orodha hiyo ilikuwa na adha yake. Lazima mtu aiandike, na kila kompyuta mpya ikija lazima mstari uongezwe. Oktoba 1993 ikatoka itifaki ya DHCP, iliyoandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Pennsylvania. DHCP ilijengwa juu ya BOOTP, hata matundu ya mawasiliano ni yale yale, 67 na 68. Jipya ni kwamba seva iliweza kugawa anwani kutoka kwenye fungu, kwa mkopo wa muda, bila mtu kuandika mstari wowote. Mgeni akija anapewa, akiondoka inarudishwa. Toleo linalotumika hadi leo lilitoka Machi 1997.

Kwa simu na kompyuta za wageni huo ni ukombozi. Kwa kituo cha Wi-Fi haitoshi, na sababu ilianza kuonekana katika jimbo lile lile la Pennsylvania.

Pittsburgh na shida ya majirani

Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, kilianza kujenga mtandao usio na waya uliopewa jina Wireless Andrew. Jina linatokana na mabwana wawili ambao chuo kinaitwa kwa majina yao, Andrew Carnegie na Andrew Mellon. Kiongozi wa mradi alikuwa Alex Hills. Hapakuwa na Wi-Fi wakati huo. Kiwango cha kwanza cha 802.11 kilipitishwa mwaka 1997, baada ya miaka mingi ya vikao vilivyoongozwa na Vic Hayes, na jina Wi-Fi lenyewe likaja mwaka 1999 pamoja na 802.11b.

Watu wa Pittsburgh walikuwa wa kwanza kuujaza mji mzima wa chuo kwa vituo, na hivyo wakawa wa kwanza kuonja shida ya majirani. Vituo viwili vilivyo karibu vikitumia masafa yale yale vinakanyagana kama watu wawili wanaozungumza kwa pamoja. Katika masafa ya 2.4 GHz chaneli zinaachana kwa 5 MHz tu, ilhali mawimbi ya 802.11b yana upana wa kama 22 MHz. Ndiyo maana ukitaka chaneli zisizogusana unabaki na tatu tu: 1, 6 na 11. Kituo cha korido kikiwa kwenye 1, jirani yake awe kwenye 6, na wa ghorofa ya juu awe kwenye 11. Na kumbuka kwamba mawimbi hupenya sakafu, kwa hiyo ramani ni ya juu na chini pia, si ya kushoto na kulia peke yake.

Unaona maana yake kwa mtu mwenye meza iliyojaa visanduku? Mahali kitakapobandikwa kisanduku panaamua mipangilio yake. Kisanduku hakiwezi kuandaliwa vizuri mpaka ujue kinakwenda wapi. Jina, anwani na chaneli vinatofautiana. Vingine vyote vinafanana. Yaani katika mistari mia moja ya mipangilio, labda mistari mitatu au minne ndiyo yenye tofauti. Na hiyo mitatu ndiyo iliyonitesa.

Skripti inayochapa kama mtu

Sasa vifaa vyenyewe vya miaka ile vilitaka mtu. Unachomeka waya wa konsoli nyuma ya kifaa, unafungua dirisha jeusi, kifaa kinauliza jina la mtumiaji, unaandika, kinauliza nywila, unaandika. Kasi ya kawaida ya waya huo ni biti 9600 kwa sekunde, karibu herufi 960. Kifaa kiliamini kwamba anayekijibu ni binadamu.

Mwaka 1990 Don Libes, wa taasisi ya viwango ya Marekani inayoitwa NIST, alitoa programu yenye jina Expect. Aliijenga juu ya Tcl, lugha ndogo ambayo John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa ameianza mwaka 1988. Expect hufanya kitu kimoja: inasubiri maneno fulani yatokee kwenye skrini, kisha inaandika jibu. Ukiona neno la kuomba jina, andika hili. Ukiona la kuomba nywila, andika lile. Mashine ikaanza kumdanganya mwenzake kwamba ni mtu.

Libes hakuiandika kwa ajili ya Wi-Fi. Ilitumika kwa kila programu iliyokataa kuendeshwa bila mtu. Lakini vituo vilipoanza kununuliwa kwa maboksi, mafundi wa mitandao walikuwa tayari na chombo. Waliweka jedwali lenye mstari kwa kila kituo, skripti ikasoma mstari, ikajaza nafasi zilizo wazi katika kiolezo, ikachapa. Mtu alibaki na kazi ya kuhamisha waya kutoka kisanduku hadi kisanduku.

Nimewahi kutumia Expect, na ninaipenda, lakini ina udhaifu mmoja ambao kila aliyeitumia anaujua. Mtengenezaji akibadilisha neno moja kwenye toleo jipya la famweya, skripti inakaa ikisubiri neno ambalo halitakuja. Inakaa kimya. Wewe umeenda kula, unarudi, iko pale pale.

Kuondoa akili kwenye kisanduku

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengine walilitazama tatizo kwa upande mwingine. Kama taabu ni kukipa kila kisanduku mipangilio yake, basi kisiwe na mipangilio kabisa. Kiwe redio tu. Akili yote ihamie kwenye mashine moja inayosimamia vituo vyote.

Kampuni ya Airespace ya California ilikuwa mojawapo ya walioshika njia hiyo, kwa itifaki yao iliyoitwa LWAPP. Mwaka 2005 Cisco iliinunua kampuni hiyo. Machi 2009 ikatoka itifaki ya wote iitwayo CAPWAP, iliyotokana na LWAPP. Kituo kikiwashwa kinaomba anwani kwa DHCP, na katika jibu hilo hilo, kwenye kipengele namba 43, kinaambiwa msimamizi wake yuko wapi. Kinamwendea, kinapokea mipangilio, kinaanza kazi. Fundi hafungui hata kipakatalishi. Anabandika na kushuka ngazi.

Ila hapa likazuka swali ambalo kwenye waya wa konsoli halikuwepo. Ulipochomeka waya kwa mkono wako, kifaa na wewe mlikuwa mkitazamana. Sasa kituo kinampigia simu mtu kisichomjua, naye anapokea kifaa asichokijua. Nani atamthibitishia mwenzake? Jibu lilikuwa cheti cha kidijitali kinachowekwa ndani ya kisanduku kiwandani. Kituo kinaonyesha cheti chake, msimamizi anaonyesha chake, wanaaminiana.

Vyeti hivyo vilipewa uhai wa miaka kumi. Mwaka 2005 miaka kumi ilionekana mingi. Mwaka 2015 vya kwanza vikaanza kuisha muda, na Cisco ikalazimika kutoa tangazo la tahadhari: vituo vizima, visivyo na hitilafu yoyote, vilikuwa vikikataliwa na wasimamizi wao kwa sababu ya tarehe. Ukipitia Nairobi maduka ya vifaa vilivyotumika, ambako wengi wetu hununua, ujue kwamba kisanduku kinaweza kuwaka taa zote na bado kitambulisho chake kimekufa.

Njia ya wasio na bajeti

Msimamizi wa aina hiyo aliuzwa kwa bei ya vyuo na makampuni makubwa. Waliobaki walijitafutia yao.

Desemba 2002 Linksys ilitoa rauta ndogo ya bluu na nyeusi, WRT54G. Mwaka 2003 watu wakagundua kwamba ndani yake kuna Linux, na kwa masharti ya leseni ya GPL kampuni ikatakiwa kutoa msimbo chanzo. Ikautoa. Januari 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ambao unaendelea hadi leo. Kwa mtu wa visanduku vingi, OpenWrt ina uzuri mmoja: unaweza kujitengenezea famweya yako mwenyewe, na ndani yake ukatia skripti inayoendeshwa mara moja tu kifaa kinapoamka kwa mara ya kwanza, kisha inajifuta. Famweya ni moja kwa vifaa vyote. Skripti inasoma MAC ya kifaa ilichomo, inatafuta mstari wake, inajipa jina. Kifaa kinazaliwa kikiwa na daftari mkononi.

Mwaka huo huo wa 2004, huko Catalonia, wanavijiji ambao makampuni ya simu hayakuwajali walianza mtandao wao wenyewe, guifi.net, ambao baadaye ulipita vituo 30,000. Hawakuwa mafundi wote. Kwa hiyo waliweka tovuti ambayo mtu anaingiza mahali nyumba yake ilipo na kifaa alicho nacho, nayo inamtolea mipangilio iliyokamilika ya kubandika. Waliiita unsolclic, maana yake kubonyeza mara moja tu. Tofauti zote ziliwekwa kwenye hifadhidata moja, na hakuna aliyeweza kujichukulia anwani ya jirani kwa bahati mbaya.

Sisi huku tulikuwa bado tunategemea setilaiti. Kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009, ndipo kuweka vituo arobaini katika jengo moja kukaanza kuwa na maana, kwa kuwa palikuwa na cha kusambaza. Watoa huduma wetu wadogo wengi walichukua vifaa vya MikroTik ya Latvia, vya bei nafuu. Kampuni hiyo ina programu ya Netinstall ya kuweka upya mfumo wa vifaa vyake kupitia mtandao, pamoja na skripti ya mipangilio. Na kifaa kinaitafutaje kompyuta yenye Netinstall? Kwa BOOTP. Meza ya fundi wa Kitengela au Kisumu inasikia kelele ile ile ya 1985: nani ananijua?

Kosa moja mara laki saba

Msomaji anaweza kusema, fundi, wewe umepoteza siku mbili tu, mbona unalia sana? Haya, sikiliza yaliyowapata wengine.

Mei 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kilianza kupokea mafuriko kwenye seva yake ya saa, ile ambayo kompyuta huiuliza saa ni ngapi. Mamia ya maelfu ya pakiti kila sekunde, bila kukoma. Dave Plonka wa chuo hicho alifuatilia, akakuta si wahalifu. Zilikuwa rauta za nyumbani za Netgear. Mtengenezaji alikuwa ameandika anwani ya seva ya chuo hicho ndani ya famweya, bila kuwauliza wenyewe, na rauta isipojibiwa iliuliza tena kila sekunde. Idadi ya vifaa vyenye kasoro hiyo ilikuwa zaidi ya 700,000. Mstari mmoja wa mipangilio, ukanakiliwa mara laki saba.

Kisha mwaka 2016 ikaja programu haramu ya Mirai. Ujanja wake ulikuwa wa aibu kwetu sote: ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya jozi sitini na kitu za majina na nywila za kiwandani. Kamera, rauta na vinasa video vilivyotoka kiwandani na nywila moja, vikabandikwa bila kubadilishwa, vilifunguka kimoja baada ya kingine. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo la vifaa liliishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix hazikufikika kwa watu wengi.

Sheria zilifuata nyuma. California ilidai kila kifaa kiwe na nywila yake, au kimlazimishe mnunuzi kuweka mpya, kuanzia 1 Januari 2020. Uingereza ikapiga marufuku nywila za kiwandani zinazofanana kuanzia 29 Aprili 2024. Soma sheria hizo kwa macho ya mtu aliyevishusha vituo vyake darini, utaona zinasema jambo moja: kila kisanduku kiwe na chake.

Wingu, na nani mwenye kisanduku

Hatua ya karibuni ni ile ya kumhamisha msimamizi kutoka kwenye chumba cha seva hadi kwenye intaneti. Meraki ilianzishwa mwaka 2006 na watu waliotoka kwenye Roofnet, utafiti wa mitandao isiyo na waya wa chuo cha MIT, na mwaka 2012 Cisco ikainunua kwa dola bilioni 1.2. Unaandika namba ya kisanduku kwenye tovuti kikiwa bado kiko njiani. Siku ya kubandika, kikipata stima na intaneti, kinapiga simu nyumbani na kupewa chake.

Ni raha, sikatai. Lakini daftari sasa liko kwa mtu mwingine. Leseni ikiisha, akaunti ikifungwa, au aliyenunua kwanza akiuza kisanduku bila kukiondoa kwenye jina lake, wewe uliyekishika mkononi si mwenyewe. Wahandisi wa intaneti waliliona hilo. Mei 2018 walitoa muundo wa hati ya umiliki, ambayo kwayo mtengenezaji anatia sahihi kwamba kisanduku chenye namba fulani ni cha fulani, na Aprili 2019 itifaki ya kuandaa vifaa bila kuguswa, ambayo inaweza kutumia hati hiyo. Kisanduku kinajitambulisha, na anayekipa amri naye anajitambulisha. Kutoka kupiga kelele na kumwamini yeyote aliyejibu hadi kudai hati, imechukua zaidi ya miaka thelathini.

Nilivyomaliza

Sikuwa na pesa za wingu, na vyeti sivyo vilivyokuwa tatizo langu. Nilirudi kwenye wazo la 1985. Ijumaa asubuhi nilikaa na ramani ya jengo na kutengeneza jedwali: namba ya kisanduku, MAC kama ilivyo kwenye kibandiko chake, ghorofa, chumba, jina, anwani ya IP, chaneli, nywila ya usimamizi tofauti kwa kila kimoja. Nywila hizo zilitengenezwa na kompyuta, na faili likafungwa kwa ufunguo.

Skripti mpya haikugusa chelezo. Ilikuwa na kiolezo cha mistari inayofanana, na nafasi wazi za kujazwa kutoka kwenye jedwali. Kabla ya kufanya lolote ilikagua jedwali lote: mistari miwili ikiwa na anwani moja, au majirani wawili wakiwa na chaneli moja, inakataa kuendelea. Kisanduku kikichomekwa, inasoma MAC yake, na ikiwa haimo kwenye jedwali inasimama na kuniambia. Ikimaliza kuandika, inasubiri kiwake upya, inaingia tena, inasoma mipangilio na kuilinganisha na mstari wake. Mwisho inachapisha kibandiko kikubwa: ghorofa ya tatu, korido ya mashariki.

Nilijaribu viwili kwanza, nikavibandika ghorofa ya chini, nikavitazama kwa saa nzima. Ndipo nikaendelea na thelathini na vinane. Kila kimoja kilichukua kama dakika nne, nyingi zikiwa za kusubiri famweya.

Jumamosi jioni vyote vilikuwa darini. Jumapili nikaendesha ukaguzi wa mwisho, nikakuta viwili vya ghorofa ya nne vinakanyagana kwenye chaneli 6. Jedwali lilisema mmoja wao ni 11. Nikapanda kuangalia. Kijana aliyekuwa juu ya ngazi alikuwa amebadilishana visanduku viwili, cha korido akakipeleka kwenye chumba cha kusomea, na cha chumba cha kusomea kikaja koridoni. Vibandiko vyangu vilikuwa sahihi. Alivisoma gizani, stima ilikuwa imepotea. Tulivibadilisha kwa dakika kumi. Jumatatu saa mbili asubuhi wanafunzi walianza kuingia na masanduku yao, na keateka hakunipigia simu.